Namba Zikishuka, Je, Tufungue Milango?

Somo la vikundi: namna ya kusoma hesabu za ugonjwa, na hatari ya kufungua mapema





Wengi wenu mtauliza, "Korona tena? Si ilikwisha?" Ni kweli, tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Lakini somo hili si la korona peke yake. Mwishoni mwa Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox hapa nchini, naye alipatikana mpakani Taveta, si mbali na sisi. Kipindupindu nacho huja na kuondoka, kisha huja tena. Siku ugonjwa mwingine utakapotufungia, swali lile lile litarudi: tufungue lini? Safari ile wengi wetu tulilijibu kwa kukisia. Sisi tunaowaandikia tumo katika hesabu hiyo, na tutaeleza mbele.

LENGO LA SOMO

Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze:

1. kueleza kwa nini namba ya wagonjwa wa siku moja haitoshi kuamulia jambo;
2. kueleza kwa nini ugonjwa unaweza kupanda tena baada ya kufungua;
3. kusaidia kikundi chake kuandika masharti ya kufunga na kufungua kabla hatari haijafika.

Muda: saa mbili. Vifaa: kikombe cha kunde kavu, kipande cha mkaa au chaki, na mahali pa wazi penye kivuli.

HATUA YA KWANZA: TUKUMBUKE YALIYOPITA

Mwezeshaji asome polepole. Kila baada ya kifungu asimame, wanakikundi waongeze ya kwao.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 4 Januari 2021. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza watu walisongamana kivukoni Likoni wakikimbilia makwao, na polisi wakatumia gesi ya machozi. Amri iliyokusudiwa kuwatenganisha watu ikawabana pamoja. Hilo nalo ni somo: hata kufunga kunahitaji mpango.

Tarehe 8 Aprili 2020, saa moja jioni, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa. Asiyekuwamo asiingie, aliyemo asitoke. Pasaka tuliisali majumbani. Ndugu zetu Waislamu wakafunga Ramadhani yote misikiti imefungwa, na Idd ikapita kimya kimya.

Hoteli za Diani zikazima taa. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni wa kutoka nje kama milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki 6. Na hoteli ikifungwa, anayelala njaa si mwenye hoteli. Ni dobi, mchuuzi wa ufukweni, mwenye tuktuk, mvuvi anayeuza kamba, na mama wa shambani anayepeleka mchicha jikoni kila asubuhi.

Kisha milango ikaanza kufunguliwa. Kwale na Kilifi tarehe 7 Juni 2020. Mombasa, Nairobi na Mandera tarehe 7 Julai. Ndege za ndani tarehe 15 Julai, na za nje tarehe 1 Agosti.

Sasa tuzitazame namba. Serikali ilipotangaza tarehe 6 Julai kwamba njia zitafunguliwa, waliokwisha kupatikana na virusi nchini tangu mwanzo walikuwa zaidi kidogo ya 8,000. Julai ilipokwisha walikuwa wamepita 20,000. Yaani ndani ya majuma manne waliongezeka wengi kuliko miezi minne iliyotangulia. Tarehe 27 Julai masharti yakaongezwa tena: mikahawa ikakatazwa kuuza pombe na ikaamriwa kufunga mapema.

Agosti na Septemba ugonjwa ukapungua. Tarehe 28 Septemba 2020 tukaambiwa kwamba katika kila watu 100 wanaopimwa, wanaopatikana na virusi ni kama 4 tu. Kafyu ikasogezwa hadi saa tano usiku, baa zikafunguliwa, harusi na mazishi yakaruhusiwa watu 200. Tarehe 12 Oktoba baadhi ya wanafunzi wakarudi shule. Mikutano ya siasa ikapamba moto. Kabla Oktoba haijaisha, wale 4 kwa 100 walikuwa wamefika 16 kwa 100. Mwezi huo mmoja ulileta wagonjwa wapya zaidi ya 15,000 na vifo kama 300. Tarehe 4 Novemba masharti yakarudi.

Mwaka 2021 hadithi ikajirudia. Januari walikuwa kama 2 kwa 100, Machi wakafika 22 kwa 100. Tarehe 26 Machi Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa. Safari hii virusi vya aina mpya, vyenye kuenea upesi zaidi, navyo vilichangia.

Tuwe waadilifu hapa. Tusiseme kila ulipopanda ugonjwa ni kwa sababu ya kufungua. Sababu zilikuwa nyingi. Tena tutofautishe Julai na Septemba. Julai tulifungua namba zikiwa bado zinapanda, kwa sababu uchumi ulikuwa umelemewa. Septemba tulifungua namba zimeshuka kweli, lakini tukafungua mambo mengi kwa mkupuo, na watu wakaona ndiyo basi, yamekwisha. Hayo ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

HATUA YA PILI: MJADALA

Gawanyeni kikundi sehemu mbili. Sehemu moja iseme "tufungue", nyingine iseme "tungoje". Baada ya nusu saa mbadilishane, kila upande utetee maneno ya wenzake. Wanne waanze kwa kuigiza hivi:

Mama karanga: "Binti yangu, nisikilize. Mafuta ya kukaangia samaki nimekopa. Kikundi kinanidai. Wiki nzima hatujasikia mgonjwa hata mmoja hapa kwetu. Mnangoja nini?"

Mhudumu wa afya wa kijijini: "Mama, shikamoo. Nakuelewa, maana hata mimi najitolea tu, mshahara sina. Lakini niulize jambo moja. Wiki hiyo nzima, waliopimwa ni wangapi?"

Kijana aliyesimamishwa kazi hotelini: "Dada, sisi tuna miezi mitatu hatujashika hela. Korona inaua, sawa. Njaa je, haiui? Mtoto wangu hajui namba, anajua uji."

Mzee mwenye ugonjwa wa sukari: "Mwanangu, usemayo ni kweli. Ila ukileta ugonjwa nyumbani, wewe utakohoa siku tatu uinuke. Mimi ndiye mtakayenibeba. Nami bado nataka kuwaona wajukuu."

Basi, endeleeni kutoka hapo. Mwezeshaji asikubali mmoja aitwe mjinga au mchoyo. Katika mjadala huu pande zote mbili zinatetea uhai. Anayesema tufungue anaogopa njaa, anayesema tungoje anaogopa kaburi. Wote wawili wana haki ya kuogopa. Kazi ya kikundi ni kutafuta njia itakayopunguza hofu zote mbili.

HATUA YA TATU: MAMBO MATANO YA KUJUA KUHUSU NAMBA

Jambo la kwanza: uliza waliopimwa ni wangapi.

Chukua kunde. Tuseme wiki ya kwanza wamepimwa watu 500, wakapatikana wagonjwa 25. Wiki ya pili wamepimwa 100 tu, wakapatikana 15. Mtu atasimama barazani aseme, "Tulikuwa 25, sasa 15, ugonjwa unakwisha." Hebu tupige hesabu. Wiki ya kwanza ni wagonjwa 5 katika kila watu 100. Wiki ya pili ni 15 katika kila 100. Kumbe ugonjwa umezidi mara tatu, kilichopungua ni kupima.

Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kabla ya kulegeza masharti, wanaopatikana wawe chini ya 5 katika kila 100 wanaopimwa, na iwe hivyo kwa majuma mawili angalau. Ni kipimo kizuri. Lakini yale ya Oktoba yanatuonyesha kwamba kipimo hicho kinakufikisha mlangoni tu. Namna ya kutoka nje ni shauri lingine.

Tena, asiyepimwa hahesabiwi. Wataalamu wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi walipima damu ya wachangiaji damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walikadiria kwamba karibu watu 4 katika kila 100 nchini walikwisha kuambukizwa, na Mombasa 8 katika kila 100. Wakati huo hesabu iliyotangazwa nchi nzima ilikuwa wagonjwa elfu chache tu. Wengi wa walioambukizwa hawakuumwa sana, wala hawakujijua. Sisi huku tulikuwa tukisema, "Ugonjwa huu ni wa Nairobi." Kumbe ulikwisha kupanda feri.

Majirani zetu ng'ambo ya Lunga Lunga waliacha kutoa hesabu mwezi Mei 2020. Wagonjwa wakabaki 509 na vifo 21 katika maandishi kwa zaidi ya mwaka. Namba haikupanda, lakini ugonjwa haukusimama. Mwaka 2021 Tanzania ikaunda kamati ya wataalamu, ikarudi kutoa taarifa na kuleta chanjo. Hatusemi haya kuwacheka. Ndugu zetu wa damu wako Horohoro na Tanga, na maradhi hayaulizi kitambulisho. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Jambo la pili: namba ya leo ni habari ya juzi.

Mtu akiambukizwa korona, mara nyingi dalili zilianza baada ya siku tano hivi, na zingeweza kuchelewa hata siku 14. Kisha akae nyumbani siku mbili tatu akinywa mwarobaini. Kisha akapimwe, asubiri majibu. Wanaozidiwa walifika hospitali baada ya wiki moja au zaidi, na wanaokufa walikufa baadaye tena. Kwa hiyo hesabu unayosikia redioni leo ni picha ya majuma mawili yaliyopita. Ukifungua leo, matokeo utayaona baada ya majuma mawili au matatu. Anayefungua Jumatatu na kusema Ijumaa, "Mnaona, hakuna lililotokea," huyo amepanda mahindi juzi na leo anatafuta magunzi.

Jambo la tatu: usihesabu wimbi moja.

Mvuvi wa Gazi au Shimoni akitaka kujua kama maji yanajaa au yanakupwa, hatazami wimbi moja. Wimbi moja linaweza kurudi nyuma na bado maji yakawa yanajaa. Hutazama alama juu ya mwamba, akangoja kidogo, akatazama tena. Namba za ugonjwa ni hivyo hivyo. Tuseme wiki moja zimetangazwa hivi: Jumatatu 4, Jumanne 9, Jumatano 2, Alhamisi 12, Ijumaa 8, Jumamosi 0, Jumapili 0. Mwenye haraka atasema Jumapili, "Sifuri! Yamekwisha." Pengine waliopima walipumzika tu mwisho wa juma. Jumlisha zote upate 35, gawa kwa siku 7, ni wagonjwa 5 kwa siku. Fanya hivyo kila juma, halafu linganisha juma na juma. Juma moja likishuka, ngoja. La pili likishuka, sasa kuna jambo la kuzungumza.

Jambo la nne: kunde mbili huzaa sitini na nne.

Weka kunde moja chini. Huyo ni mgonjwa mmoja anayeambukiza wawili. Ongeza mstari: 2. Wale wawili wakiambukiza wawili wawili: 4. Halafu 8, 16, 32, 64. Tukichukulia kila mstari ni siku tano, kutoka mgonjwa 1 hadi 64 ni mwezi mmoja tu. Sasa rudi nyuma. Tuseme kwa kukaa mbali na kuvaa barakoa ugonjwa unapungua nusu kila siku tano: 32, 16, 8. Hapo kwenye 8 watu wanasema, "Tumeshinda, fungueni." Mkiachia kila kitu, baada ya siku 15 mmerudi 64. Lakini mkingoja siku 10 zaidi, 8 inakuwa 4, 4 inakuwa 2. Wagonjwa wawili mhudumu wa afya anaweza kuwafuata mlango kwa mlango, akajua walikaa na nani, wakasaidiwa. Wagonjwa 64 hawezi. Hiyo ndiyo faida ya zile siku 10. Kunde ni mfano, ugonjwa wa kweli haufuati mstari hivyo. Lakini njia yake ndiyo hiyo.

Jambo la tano: usibomoe paa kwa sababu hunyeshewi.

Uko ndani ya nyumba ya makuti, mvua ya masika inapiga, nawe huna tone mwilini. Utasema mvua imekatika, ung'oe makuti? Namba zikishuka wakati wa masharti, mara nyingi ni dalili kwamba masharti yanafanya kazi. Si dalili kwamba ugonjwa umeondoka. Ni kama dawa ya malaria: siku ya pili homa inatulia, mtu anaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya safari nyingine. Wote tunajua mwisho wake.

Jambo hili halikuanza na sisi. Mwaka 1918 homa kubwa iliyoizunguka dunia ilifika Mombasa mnamo Septemba, ikaenea pwani yetu na kuua watu wengi. Mwaka huo huo kule San Francisco, Marekani, watu waliamriwa kuvaa barakoa. Homa ilipopungua, tarehe 21 Novemba 1918 wakaruhusiwa kuzivua, nao wakazivua kwa shangwe mitaani. Ilipofika Januari 1919 homa ilikuwa imepanda tena na amri ikarudishwa. Miaka 100 imepita, na binadamu ni yule yule.

HATUA YA NNE: KOSA LETU WENYEWE

Tuliahidi kusema.

Kwale ilipofunguliwa Juni 2020, vikundi vingi vilitaka kukutana. Mikopo ilikuwa imelala, watu wanadaiana, sanduku liko kwa mweka hazina na hakuna anayejua kilichomo. Kikundi kimoja cha kina mama upande wa Msambweni kilitujia kuomba ushauri. Tukaulizana, "Hapa kwetu majuma haya mawili ametangazwa mgonjwa?" Jibu: hakuna. Tukasema, haya, kutaneni.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha. Watu karibu 30 wakaingia chumba kimoja, madirisha yakafungwa, wakahesabu pesa saa tatu nzima. Tulikuwapo. Baada ya siku kumi hivi, kadhaa walikuwa na homa na kikohozi, wengine wakasema hawasikii harufu ya kitu. Mweka hazina, mama mtu mzima aliyekuwa na shinikizo la damu, alizidiwa akafariki. Hakupimwa. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni korona, wala kwamba aliipata chumbani mle. Lakini baadaye tuligundua kwamba majuma yale mawili waliopimwa katika eneo letu walikuwa wachache mno. Swali lile la mhudumu wa afya, "waliopimwa ni wangapi?", hatukuliuliza. Tungeliuliza, tungewaambia wakae nje siku nyingine isiyo na mvua, tena wachache wachache. Tulikwenda hitimani tukakaa na watoto wake. Hawakutulaumu. Tulijilaumu wenyewe.

Msitoke hapo mkisema, "Basi dawa ni kufunga tu." Kikundi kingine tulichokijua kiliogopa kikafunga hadi mwaka uliofuata. Hakuna aliyeugua mkutanoni, maana mkutano haukuwapo. Lakini mikopo haikulipwa, mbuzi wakauzwa, watu wakanuniana, na kikundi cha miaka kumi kikafa. Wasichana wawili wa familia za wanachama hawakurudi tena shule.

Kikundi cha tatu kilipata njia ya katikati. Waligawanyika watu watano watano kwa ujirani. Michango ikatumwa kwa M-Pesa. Kila kundi dogo likakutana chini ya mwembe, nusu saa, mizungu yao ikasomwa, wakaagana. Wazee hawakwenda, walitumiwa habari. Kila baada ya majuma mawili viongozi waliuliza hali kwenye zahanati kabla ya kuongeza watu. Walikawia, ila walifika. Kikundi hicho kipo hadi leo.

HATUA YA TANO: TUANDIKE MASHARTI YETU

Wakati wa hofu si wakati wa kutunga sheria. Tuzitunge sasa, tukiwa na akili zimetulia, ziandikwe katika kitabu cha kikundi. Tunapendekeza hivi:

1. Maswali manne ya kuuliza zahanati kabla ya kufungua. Majuma mawili yaliyopita wamepimwa wangapi? Wamepatikana wangapi katika kila 100? Juma na juma, wanapanda au wanashuka? Na hospitali ya Msambweni inaweza kupokea mgonjwa wetu akizidiwa? Likikosekana jibu moja, hilo lenyewe ni jibu: ngojeni.

2. Fungueni kwa ngazi. Ngazi ya kwanza, watu watano, nje, nusu saa. Ngazi ya pili, watu kumi na tano, nje. Ngazi ya tatu, mkutano kamili. Kaeni kila ngazi siku 14 kabla ya kupanda inayofuata, maana mmeshaona kwamba matokeo huchelewa. Mkifungua mambo matatu kwa siku moja, hamtajua lipi lililoleta ugonjwa.

3. Andikeni pia sharti la kurudi. Kwa mfano, wanachama wawili wa nyumba tofauti wakiugua dalili zile zile katika juma moja, tunashuka ngazi moja bila mjadala. Kurudi nyuma si aibu. Anayeshuka ngazi moja kwa hiari haanguki.

4. Wanaoumia zaidi wawe wa mwisho kutoka na wa kwanza kusaidiwa: wazee, wagonjwa wa sukari na presha, na kina mama wajawazito.

5. Wekeni mfuko wa kungojea. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tulipouliza watu kwa nini walitoka mapema, hakuna aliyesema hakuogopa ugonjwa. Walisema unga ulikwisha. Anayeweza kungoja ni mwenye akiba. Kikundi cha watu 25, kila mtu akitoa shilingi 20 kwa wiki, ni shilingi 500. Kwa majuma 52 ni shilingi 26,000. Pesa hizo hazikopeshwi kwa biashara. Zinangoja siku ambayo mama karanga ataambiwa asubiri majuma mawili, naye aweze kusubiri. Mfuko huo ni kinga kama vile barakoa na chanjo.

Dini zetu zinatusaidia hapa. Katika kitabu cha Walawi, mtu mwenye alama ya shaka mwilini alitengwa na kuhani siku 7, akatazamwa tena, na shaka ikibaki akaongezewa siku 7 nyingine. Hakutolewa kwa kukisia, wala hakusahauliwa huko ndani. Waislamu nao wanayajua mafundisho ya Mtume kuhusu nchi iliyoingiwa na tauni, asiyekuwamo asiingie na aliyemo asitoke. Kungoja kwa busara si woga wala upungufu wa imani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka 2020 kikundi chetu kilifunga lini na kufungua lini? Nani aliamua, na aliangalia nini?
2. Ni nani kati yetu aliyeumizwa na ugonjwa? Ni nani aliyeumizwa na kufungwa? Tumewahi kuwasikiliza wote wawili?
3. Hotelini, sokoni, kanisani, msikitini, shuleni: tukiambiwa tufungue kimoja tu kwanza, tungechagua kipi, na kwa nini?
4. Mpaka wa Lunga Lunga ulipofungwa Mei 2020, ni nani hapa kwetu aliyepoteza riziki? Njia za panya zilitumika? Tungefanya nini tofauti?
5. Habari za ugonjwa tunazipata wapi? Tunamwamini nani, na kwa nini?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili waende zahanati iliyo karibu wakamwulize mhudumu wa afya yale maswali manne, kuhusu ugonjwa wowote unaosumbua sasa, hata malaria au kuhara. Warudi na namba, wazichore kwa mkaa ukutani, juma kwa juma. Mkizoea kusoma namba za malaria, ugonjwa mgeni hautawababaisha.

Mtakapoandika masharti yenu, tuleteeni nakala ofisini au mpeni katekista wenu atufikishie. Vikundi vya wenzenu Waislamu wanaweza kutuma kwa mwanachama yeyote anayekuja mikutano ya pamoja. Tutayasoma yote, na yaliyo mazuri tutayachapisha hapa ili wengine wajifunze.

Kawia ufike, ndugu zetu. Na mtakapofika, mhesabiane: je, tulioondoka nao wote wapo?